Acheni Kuifukuza Lugha ya Mtoto Darasani

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja," aliniambia baba mmoja tulipokuwa kwenye foleni ya mizani ya pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi. "Huyu kijana wangu akiongea Kisukuma shuleni, mchape. Akiongea Kiswahili, mchape vilevile. Mimi nataka Kiingereza kimkae kichwani." Kijana mwenyewe, wa kidato cha pili, alikuwa amekaa juu ya furushi la pamba, macho yake chini. Na maneno yote hayo baba yake aliyasema kwa Kisukuma.

Sikumkasirikia, kwa sababu hakuyatunga yeye. Ni maneno yanayosemwa na walimu wenzangu ofisini, na wajumbe wa bodi za shule vikaoni, na wageni rasmi siku za mahafali. Wote wanaimba wimbo mmoja: watoto wa Simiyu wanafeli Kiingereza kwa sababu Kisukuma kimewakaa ulimini na Kiswahili kimewazoesha vibaya, na dawa yake ni kuzifukuza lugha hizo mbili darasani na hata uwanjani. Ndiyo maana hukosi kukuta shule yenye tangazo mlangoni kwamba asiyesema Kiingereza hahudumiwi. Kwingine mtoto aliyeteleza akamsalimu mwenzake kwa lugha ya kwao huvalishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka apatikane mkosaji mwingine wa kumrithisha.

Nimefundisha Kiingereza katika mkoa huu kwa miaka mingi, na nasema bila kupepesa macho: imani hiyo si ya kweli, na inatugharimu watoto. Wanaanguka kwa sababu tumekataa kuzitumia lugha walizonazo kuwafundishia ile wasiyokuwa nayo.

Itazame njia anayopita mtoto mwenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na sensa ya 2022 ilihesabu humu watu zaidi ya milioni mbili. Ukiacha lami ukaingia vijijini Itilima, Meatu au Maswa, utaamkiwa kwa Kisukuma: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" jua likishapanda. Watoto wengi wa huko hukutana na Kiswahili kwa dhati wakianza shule. Miaka saba baadaye, mtoto akiwa tayari anaweza kukiandikia insha, anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia, historia na hesabu vyote vimegeuka Kiingereza. Lugha aliyokuwa akiisoma vipindi vichache kwa wiki inakuwa mlango wa kila somo, na ufunguo hajapewa.

Tatizo hili halikuanza jana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kuona kwamba Kiingereza chao kilikuwa dhaifu mno kubeba masomo, ingawa walishauri lugha hiyo iendelee na isaidiwe. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza 2002, uliwafundisha wanafunzi wa sekondari mada zilezile kwa lugha mbili, na ukaonyesha kwamba penye Kiswahili mikono inanyooshwa na midomo inafunguka. Mjadala wa lugha ya kufundishia masomo mengine nauacha hapo, kwa kuwa una watetezi wake. Mimi nakwenda kwenye kipindi cha Kiingereza chenyewe, maana hapo ndipo imani ya kufukuza lugha inapojiona ina haki kuliko popote. Wanasema: hata kama baiolojia inaweza kufundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza je? Si kitafundishwa kwa Kiingereza chenyewe?

Nitajibu kwa ng'ombe mmoja.

Siku moja niliandika ubaoni sentensi mbili, nikawataka wanafunzi waziunganishe kwa kutumia viwakilishi rejeshi, kama wanavyodaiwa kwenye mitihani: "The cow is lost. Its leg is broken." Binti mmoja akaja mbele, akashika chaki, akaandika kwa mwandiko mzuri: "The cow who its leg is broken is lost." Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita dirishani akaisoma na kutikisa kichwa. "Kisukuma hicho," akasema, akaenda zake.

Jioni nilikaa na ile sentensi. Kalamu nyekundu ingekuta humo makosa mawili, na yote mawili yana anwani. La kwanza ni "who". Kwa Kiswahili tunasema ng'ombe aliyepotea, kwa "ye" ileile ya mtu aliyepotea. Hatusemi ng'ombe iliyopotea. Kiswahili kinamweka kila chenye uhai wa kutembea katika ngeli moja na binadamu: ng'ombe, mbwa, kuku, hata siafu. Kiingereza kinakata kamba mahali pengine, kinamweka mtu upande mmoja na vitu vyote vingine, ng'ombe akiwemo, upande wa pili. Kosa la pili ni "its". Sisi husema ng'ombe ambaye mguu wake umevunjika. Kirejeshi kinakaa peke yake na umiliki unakaa peke yake. Kiingereza kimevifunga viwili hivyo katika furushi moja na kuliita "whose". Binti yule hakubahatisha hata neno moja. Alifuata kanuni mbili za lugha kwa uaminifu kamili, ila zilikuwa kanuni za lugha nyingine.

Kesho yake nikawaambia kwa Kiswahili: "Mnapochagua kirejeshi, Kiswahili kinawauliza, je, ni kiumbe? Kiingereza kinauliza, je, ni mtu? Basi mtu apewe 'who', ng'ombe apewe 'which'. Na mkitaka kusema ambaye kitu chake, au ambacho kitu chake, fungeni vyote kwa 'whose', awe mtu, awe ng'ombe." Haikuchukua dakika tano. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewaimbisha wenzao, kwa Kiingereza kitupu, kwamba "who" ni ya watu, "which" ni ya vitu na "whose" ni ya umiliki. Waliimba vizuri sana. Walipoandika insha, ng'ombe wao waliendelea kuwa "who" na miguu yao ikaendelea kuwa "its", kwa sababu wimbo ule haukugusa kanuni iliyokuwa tayari imekaa vichwani mwao. Kanuni iliyokaa haiondoki kwa kupigiwa kelele. Ukitaka isogee, iite kwa jina na uionyeshe mpaka wake.

Tena mgawanyo huo wa Kiingereza ni desturi tu ya watu, na desturi hufundishika. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, Sala ya Bwana inamtaja Baba wa mbinguni kwa "which". Leo mwanafunzi akiandika hivyo kuhusu baba yake mzazi anakatwa alama. Na Mwingereza mwenye mbwa aliyempa jina hamwiti "which". Atasema "who", kama binti yule wa Bariadi alivyomwita ng'ombe. Kwa hiyo aliyekosea hapo hakuwa na akili fupi. Alikosa mtu wa kumwonyesha mpaka ulipo.

Chukua kosa jingine ambalo kila mwalimu wa Kiingereza nchini amelisahihisha mpaka wino umekauka: "The book which I bought it." Limetoka wapi hilo "it"? Limetoka katika kitabu ambacho nilikinunua, kwenye ile "ki" iliyokaa ndani ya kitenzi. Wanaopinga wanashangilia hapo: "Unaona? Kiswahili kimeharibu!" Lakini Kiswahili hichohicho kina kitabu nilichonunua, bila "ki" ya pili, na sentensi ikatimia. Mwambie mtoto: Kiingereza kinafuata nilichonunua, hakifuati nilichokinunua, kile kilichokwisha kutajwa kwa "which" hakirudiwi tena kwa "it". Dawa ilikuwa ndani ya nyumba ileile tuliyotaka kuichoma moto.

Tuje kwenye vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyowatesa zaidi. Mwanafunzi anaandika "The boys who plays" au "The boy who play", na hajui ashike lipi, kwa kuwa "who" haibadiliki. Haimwambii kama wavulana ni mmoja au kumi. Kiswahili kinamwambia wazi: mvulana anayecheza, wavulana wanaocheza. Umoja na wingi umeandikwa pale pale, kwenye "a" na "ye", kwenye "wa" na "o". Mtoto anayeweza kusema anayecheza na wanaocheza bila kufikiri ana kipimo cha kuchagulia "plays" na "play", tena kipimo kilicho makini kuliko alichonacho mtoto wa London. Mwulize: ungesema anaye au wanao? Akijibu anaye, "s" inaingia. Akijibu wanao, "s" inatoka.

Kipimo hicho kinafika hata mahali ambapo Waingereza wenyewe hujikwaa. Kuna sentensi ya mtihani inayopendwa sana: "She is one of the teachers who (teach, teaches) in this school." Wengi wanaona "one" wanakimbilia "teaches". Lakini sema kwa Kiswahili kilichonyooka: yeye ni mmoja wa walimu wanaofundisha katika shule hii. Wanaofundisha ni walimu. Yeye ni mmoja wao. Basi ni "teach". Nimeona darasa zima la watoto wa wakulima wa pamba likipata swali hilo, na silaha yao ilikuwa Kiswahili.

Na lile la "I did not went"? Mtoto anataka kuonyesha wakati uliopita kila mahali, aridhike kwamba ameonekana. Mwambie atazame lugha yake. Kwa kukubali husema nilikwenda, kwa kukataa husema sikwenda. "Li" imekwenda wapi? Imeondoka. Ikiingia "ku" ya ukanushi uliopita, "li" haina kazi tena. Hakuna Mswahili anayesema silikukwenda. Kiingereza nacho hakibebi mzigo mmoja mara mbili. "Did" ikishabeba wakati uliopita, "went" inaweka mzigo chini na kurudi kuwa "go". Mtoto ambaye hajawahi kukosea katika sikwenda ataielewa hiyo siku moja.

Sidai kwamba Kiswahili kinafungua kila kufuli. Kwamba "go" inakuwa "went" kisha "gone", na "beat" inakuwa "beaten", hakuna ngeli itakayokusaidia. Hayo ni ya kusoma, kusikia na kukariri, na yanahitaji vitabu. Lakini mwalimu aliyemaliza mambo ya virejeshi na upatanisho kwa muda mfupi kwa sababu alieleweka, ndiye atakayebaki na muda wa kuyasoma hayo na wanafunzi wake.

Kinachonisikitisha ni kwamba maarifa haya tayari yako shuleni. Kipindi cha Kiswahili kinawafundisha wanafunzi o-rejeshi: wanachambua -ye-, -cho-, -yo-, -lo-, wanapambanua po, ko na mo. Kengele inalia, mwalimu wa Kiingereza anaingia, anaandika viwakilishi rejeshi vya Kiingereza ubaoni kana kwamba dhana hiyo imezaliwa asubuhi hiyo. Mtoto anayejua kutenganisha mahali alipozaliwa, mji alikokwenda na nyumba anamoishi anafundishwa "where" kama mtu ambaye hajawahi kuhusisha kitendo na mahali. Walimu wawili hao wanakaa ofisi moja, pengine meza moja. Hawajawahi kuulizana.

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana baadhi yake si nyepesi.

Wanasema lugha hujifunzwa kwa kuzama ndani yake, kama mtoto mdogo anavyojifunza kwa mama yake. Kweli, lakini kuzama kunahitaji maji. Mtoto wa Bariadi akitoka darasani anakwenda sokoni, kisimani, mnadani, kwenye chama cha ushirika, kanisani, na Kiingereza hakipo popote. Vipindi vya dakika 40 kwa siku havimzamishi mtu, vinamlowesha miguu. Ukimkataza lugha nyingine katika hali hiyo hapati Kiingereza zaidi. Anapata ukimya. Nimeyaona madarasa hayo: yametulia mno, na watoto ishirini wanasubiri mmoja athubutu.

Wanasema shule za inglishi midiamu zinafukuza Kiswahili na watoto wake wanazungumza Kiingereza. Tazama vizuri ndani ya shule hizo. Mna vitabu vya hadithi, mna madarasa yenye nafasi, kuna mzazi aliyesoma anayekagua daftari jioni. Wanaoziiga wamechukua kibao cha mlangoni wakaacha maktaba. Wamechukua kitu pekee ambacho hakikuwagharimu senti.

Wanasema, na hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, kwamba ukifungua mlango kwa Kiswahili mwalimu mvivu atakigeuza kipindi chote kuwa Kiswahili, na mtoto atamaliza mwaka bila kusikia Kiingereza. Hatari hiyo ipo, nami nimeshuhudia vipindi vya namna hiyo. Lakini dawa ya kutumia kitu bila kipimo ni kukiwekea kipimo. Dakika kumi za kueleza kanuni kwa lugha inayoeleweka, zikilinganishwa lugha mbili ubaoni. Dakika thelathini za kuitumia kanuni hiyo kwa Kiingereza, kwa kusema, kusoma na kuandika. Atakayehesabu atakuta kipindi hicho kina Kiingereza kingi kuliko kile cha mwalimu anayesema Kiingereza peke yake kwa dakika 40 mbele ya darasa lililonyamaza.

Na tuulize: wao wenye Kiingereza walijifunzaje lugha yetu? Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870, alikieleza Kiswahili kwa Kiingereza. E. O. Ashton alipochapisha sarufi yake mwaka 1944, kitabu ambacho wanaisimu bado wanakirejea, aliichambua ile "o" ya urejeshi kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza, akimpitisha msomaji wake kutoka lugha anayoijua kwenda asiyoijua. Hakuna mwanafunzi Mwingereza wa Steere wala wa Ashton aliyevalishwa kibao shingoni kwa kukumbuka lugha ya mama yake. Njia iliyowafaa wao kuja kwetu inatufaa sisi kwenda kwao.

Tuna mfano wa karibu zaidi, ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa wetu. Mtoto wa Butiama aliyelelewa katika Kizanaki alianza shule Musoma akiwa na umri wa miaka 12, akapita Tabora na Makerere, akachukua shahada yake Edinburgh mwaka 1952. Kisha akaketi akiwa kiongozi wa nchi na kuzitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, akairudia 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kuzisahau lugha zake. Inafanywa na anayezishika zote mkononi, akapima neno la huku kwa neno la kule. Mwalimu Nyerere alitaka Watanzania wajue Kiingereza, na alikuwa wa mwisho kuamini kwamba Kiswahili ni kizuizi chake.

Ninachokidai hakihitaji bajeti mpya. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wapange pamoja, ili wiki ya o-rejeshi ifuatwe na wiki ya virejeshi vya Kiingereza. Taasisi ya Elimu Tanzania iweke katika vitabu vya Kiingereza kurasa za kulinganisha sarufi za lugha hizi mbili, ili mwalimu mgeni asilazimike kuzigundua peke yake. Vibao vya shingoni vivuliwe leo. Sisi wa Simiyu tuliojivunia kutengeneza chaki zetu wenyewe Maswa tuzitumie kuandika ubaoni sentensi mbili sambamba, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kumwachia mtoto aone kwa macho yake zinapokutana na zinapoachana.

Siku ile kwenye mizani sikumpa yule baba hotuba yote hii. Nilimwuliza tu, kwa Kisukuma changu cha kujifunza: "Baba, ng'ombe wako akipotea, utamwelezaje kwa mtu ambaye hajawahi kumwona?" Akacheka, halafu akaeleza kwa umakini wa mfugaji. "Ni yule maksai mwekundu ambaye pembe yake ya kushoto imekatika, niliyemnunua mnadani Meatu, anayetembea daima na mtamba mweusi, ambaye ukimwita hageuki lakini ukimpigia mluzi anakuja." Mtu yeyote kwenye foleni ile angemtambua yule maksai katikati ya ng'ombe mia.

"Hicho ulichokifanya," nikamwambia, "ndicho wanachomtaka kijana wako akifanye kwenye mtihani. Anakijua. Amekisikia kwako tangu mdogo. Mimi nimwonyeshe tu Kiingereza kinapitia mlango gani."

Kijana alikuwa ameinua macho. "Mwalimu," akauliza, "kwa hiyo maksai ni 'which', lakini baba aliyemnunua ni 'who'?" Aliuliza kwa Kisukuma, na baba yake hakumkemea.